Bazuka Niliyoichonga Ibaba

Jumatatu. Ukungu umekaa hapa Ibaba hadi saa tano, na baridi ya kuuma mifupa. Nimerudi sasa hivi kutoka Itumba. Sitaki kuongea na mtu, ndiyo maana naandika.

Leo nimemwambia Tusekile, mjane wa mdogo wangu Ambokile, ukweli niliomficha kwa zaidi ya miaka arobaini.

Enzi za ujamaa nilikuwa seremala wa kijiji, na nilijiona kweli kweli. Mgambo wetu walifanya mazoezi kwa bunduki za mbao nilizochonga mimi. Siku moja mkufunzi wao akatueleza habari za bazuka, silaha ya begani inayorusha kombora la kutoboa kifaru. Yeye mwenyewe alikuwa ameiona kwa mbali tu, kwenye gwaride. Kijiji hakikuwa nayo na kisingeipata. Tuliimbiwa kujitegemea kila siku, basi nami nikajitegemea. Nikachonga ya kwetu kwa gogo la mti wa mlingoti, nikaipaka masizi, watu wakaja kuitazama kama bibi harusi.

Tatizo lilikuwa uzito. Gogo lilikuwa bichi, na mkia wake ulimwelemea mbebaji. Nikatoa ushauri: mtu wa pili asimame nyuma kabisa, auinue mkia kwa mikono miwili. Mkufunzi akakubali. Mtu wa pili akawa Ambokile, kwa sababu alikuwa na mabega, na kwa sababu hakuwahi kunibishia.

Miezi mizima alisimama pale nyuma, kila alasiri, kwenye uwanja wa shule. Mimi nikipiga makofi.

Vita vya Kagera vilipokuja wakamchukua yeye na wenzake. Jeshini waliwafundisha upya, haraka haraka. Bazuka ya kweli ikifyatuliwa hutema moto nyuma, na hakuna anayeruhusiwa kusimama huko. Ambokile aliambiwa hivyo. Lakini rafiki yake aliyerudi alinieleza kwamba siku walipokutana na kifaru, watu walichanganyikiwa, na Ambokile akakimbilia nyuma ya mpigaji akiwa ameinua mikono yote miwili, aushike mkia.

Alifanya nilichomfundisha.

Nikamsihi yule rafiki asimwambie mtu. Nyumbani nikasema askari wa adui alimpiga risasi. Nilijidanganya kwamba namhurumia Tusekile, aliyekuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Nilikuwa najihurumia mimi.

Leo nilimkuta barazani anachambua maharage, uso umekunjuka kama sijawahi kuuona. Akaniambia kwamba jana kanisani, baada ya kuomba miaka yote hii, hatimaye amemsamehe yule askari aliyemuua mumewe. Usiku akalala hadi asubuhi bila kushtuka hata mara moja. Alisema hajalala hivyo tangu awe mjane.

Mtu mwenye akili angemshukuru Mungu pamoja naye, akanywa uji, akaaga. Mimi sikuweza. Kusikia anamsamehe mtu niliyemtunga mwenyewe kulinishinda. Nikafungua mdomo nikasema yote: gogo, ule mkia mzito, mikono ya Ambokile, na uongo wangu.

Alinisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza akauliza, taratibu, "Kwa hiyo, shemeji, huyo niliyemsamehe jana hayupo?"

Nikamwambia hayupo.

"Imenichukua umri wangu wote kumsamehe. Sasa wewe nianze kukusamehe lini, na nguvu nizitoe wapi?"

Hakupaza sauti wala hakulia. Alinifungia maharage ya kupeleka nyumbani, kama kawaida yake, akaingia ndani na kurudishia mlango.

Mke wangu ameyabandika jikoni. Ananiuliza kama Tusekile hajambo, nami nimesema hajambo.

Nilikuwa nikijiambia kwamba ukweli ni haki yake, na bado naamini hivyo. Ila kuna jambo ninaloona haya hata kuliandika. Njiani nikipanda mlima kurudi, nilihisi wepesi kifuani, wepesi ambao sikuwa nao tangu mwaka ule wa vita.

Usiku huu mimi nitalala. Tusekile je?