Kwa Nini Sijaja Kumshika Mtoto

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Kibomet tu wazima, ila mimi nimechoka. Unauliza mbona sijaja Bungoma kumshika mtoto wako.

Nikiwa msichana kule Kachibora, nilikohoa wiki nyingi tukipukuchua mahindi. Tukasema ni vumbi. Dada yangu alipojifungua, nilienda na wengine kuona mtoto, nikampakata. Kumbe kilikuwa kifaduro. Vijidudu vyake hung'ang'ania vijinywele vinavyofagia makohozi kwenye njia ya hewa, na kuvilemaza. Mimi nilikohoa tu. Yule mchanga hata hakukohoa, aliacha kupumua.

Dada hakuwahi kunilaumu. Hilo ndilo linalonichosha.

Tangu tuvune nakohoa tena, na majirani wanasema ni vumbi. Nikija kabla sijapona, usinifungulie mlango.

Nyanya yako