Muguu Yangu ku Pedali

Butembo, 14 juin 2001

Kwako yaya Katungu, mukubwa wangu, Lubero,

Maharagi yako ilifika, aksanti. Unajua mutoto wangu Syauswa ni fundi wa mutokari: hata bapadri banamuletea mutokari yabo. Mu mwezi wa tatu alilala chini ya kamionete yetu, tunatosha hewa itoke mu ambreyaje, ile ya pedali ya kushoto. Mimi nakanyaga pedali, yeye anafungua visi, kale ka skurubu ka kutoshea hewa, mafuta ya zamani inatoka nyeusi kama kahawa. Akasema: «Mama, shikilia, usiachilie mupaka niseme.» Basoda na bunduki zabo bakaingia mu lupango ya nyumba yetu, bakamuvuta miguu, bakamupeleka Eringeti atengeneze mutokari yabo. Hajarudi.

Jana dada yake Bénie alimaliza ile kazi ya hewa, mimi tena ku pedali; alifanya muzuri sana, naye ni damu yangu. Akaita: «Mama, achilia.»

Yaya, muguu ilikatala. Ilikuwa inangoja sauti ya Syauswa.

Ni mimi mudogo wako, mwenye angali anashikilia,
Mama Syauswa