Rumba ya Jumanne

Jumatatu, 2 Juni

Kubeba kokoto tena kwenye mjengo. Ghorofa ya tatu huko Membley, mabega yanawaka. Nimerudi chumbani kwangu Makongeni, nimeoga, nimetoa spika kwenye karatasi yake. Ni ya Mama. Macho yake yamechoka lakini anapenda kwaya. Nijifunze kwanza mwenyewe. Unafungua bluetooth ya simu, unatafuta jina la spika, unagusa. Mara ya kwanza ikakataa. Mara ya pili ikasema kwa Kizungu cha puani kwamba imeshika. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mama bado amelazwa. Kifua. Slabu ya zege ikimwagwa Jumamosi, naenda Bungoma kumwona.

Jumanne, 3 Juni

Mke wangu amepiga. Nikauliza Mama anaendeleaje. Akasema, "Wekesa amekuja hapo kwako?" Nikasema bado. Akakata. Kredito imeisha, labda.

Wekesa ni wa kijiji chetu. Anaishi chumba cha pili, mabati tu katikati yetu. Jioni akaingia. Akakaa kitandani, anakunja kofia yake. Nikamuuliza kuna nini.

"Hiyo spika yako, Baba Nafula. Inaweza kushika simu yangu pia?"

Ikashika. Akaweka rumba. Nimecheza mpaka jirani akagonga ukuta. Wekesa hakucheza.

Jumatano, 4 Juni

Amekuja tena. Amekaa, ameweka muziki, ameenda. Nimechoka naye.

Mke wangu tena: Wekesa amekuja? Nikakasirika. Anamtaka Wekesa wa nini? Nikasema nipe Mama niongee naye. Akasema simu haina chaji. Simu hiyo hiyo aliyokuwa anaongea nayo.

Sijalala vizuri.

Alhamisi, 5 Juni

Leo Wekesa amekuja na Hamisi, yule anayepika chapati mbele ya ploti. Wawili kitandani, mimi kwenye ndoo. Hamisi alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Mwishowe Wekesa akasema tuweke ule wimbo wa juzi, akaunganisha simu yake. Hamisi akasonya, akatoka.

Kuna kitu. Hawa watu wana kitu.

Ijumaa, 6 Juni

Asubuhi niliweka chai motoni, nikawasha spika. Ikasema imeshika kabla sijagusa simu yangu. Nikadhani ni maajabu tu ya spika. Halafu sauti ya mke wangu ikajaa chumba.

"Shemeji, tangu Jumapili! Mama yuko mochari na mwanawe hajui. Kaburi linachimbwa leo, kesho tunazika. Nilikuomba ukae naye umwambie. Umeshindwa nini?"

Upande wa pili wa mabati Wekesa akapiga kelele, "Zima! Zima!" Alikuwa anasikiliza ujumbe wa sauti aliotumiwa. Simu yake ilishika spika yangu, kama alivyoiacha jana.

Chai ilimwagika yote. Sikuzima jiko. Nilisimama tu.

Kwetu mtu aliye mbali haambiwi kifo kwa simu. Anatafutwa wa kukaa naye, amwambie polepole. Wekesa alitumwa kukaa nami. Amekaa. Jioni tatu amekaa.

Mama alikufa Jumapili. Jumanne nilicheza rumba.

Akaja mlangoni, uso umelowa. "Kila siku nilikuja nayo mdomoni, ndugu yangu. Nikikuona umefurahi na hiyo kitu, inarudi chini." Nilimshika shati. Nilitaka kumpiga. Mkono ulikataa.

Nimempigia foreman wa mjengo. "Pole, lakini slabu ni kesho, wewe." Nimemwambia sitakuwepo. Akasema basi usirudi. Sawa.

Wekesa amefunga begi lake pia. Sikumwita. Tunaondoka saa nne.

Jumapili, 8 Juni

Tumemzika jana. Uso wake niliuona kidogo, kupitia kioo cha jeneza. Alikuwa amekonda.

Leo wazee wameketi na sisi watoto. Mjomba akauliza mbele ya watu wote nani aliniletea habari. Wekesa akainamisha kichwa. Hapa, mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba akashindwa kuifikisha hasahauliwi. Hata watoto wake watatajiwa hilo.

Mke wangu alikuwa ananitazama.

"Ni Wekesa," nikasema. "Alikuja jioni. Tukakaa, akaniambia polepole."

Mjomba akamsogezea Wekesa kiti. Akamiminiwa chai, yenye maziwa mengi. Hakuweza kuinywa.