Keremkerem Aliyepotea Njia

Baba yangu Mzee Maganga,

Shikamoo Baba. Na nyingine ya Jumapili iliyopita, maana simu ilikatika hata hatujaagana. Naomba goti liwe limepoa kwa ile dawa ya kuchua, na uwe huendi peke yako porini kukagua mizinga. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Na mvua, zimeonyesha dalili, au bado ni vumbi tupu kutoka hapo Kwihara mpaka Igalula? Mimi ni mzima. Mikono imepasuka kwa baridi na mgongo unalalamika kwa kunyanyua wazee kutwa, lakini moyo, Baba, wiki hii umejaa mpaka unamwagika.

Uliniuliza kwenye simu, "Mbona unacheka peke yako?" Nilipoanza kueleza tu, mtandao ukatutupa. Ndiyo maana nimekaa niandike. Barua hii nampa dada mmoja wa Nzega anayerudi nyumbani mwezi huu. Mdogo wangu Hamisi akusomee polepole, asiruke mistari.

Nyumba ya wazee ninakofanya kazi ipo ukingoni mwa mji mdogo, pwani ya mashariki ya Uingereza. Kutoka chumbani kwangu natembea nusu saa juu ya tuta refu. Upande mmoja kuna bahari, ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo, na upande wa pili kuna mbuga yenye majani na madimbwi, kama mbuga zetu mvua zikikolea. Sasa ni majira ambayo miti ya huku inapukutisha majani. Ndege wa kaskazini wanaikimbia baridi na wengi wanatua hapa kupumzika. Basi watu wazima na akili zao wanakuja na darubini za miguu mitatu, wanasimama kwenye upepo tangu asubuhi mpaka jioni, wakimngoja ndege mmoja tu. Miaka miwili nimepita mbele yao kila siku na sare yangu ya kazi. "Habari ya asubuhi." "Nzuri." Basi, yameisha.

Jumanne ya wiki juzi upepo ulikuwa umevuma siku mbili kutoka kusini-mashariki, una joto kidogo. Niko katikati ya tuta, nikasikia sauti juu ya kichwa changu: prrii, prrii. Baba, miguu yangu ilisimama yenyewe. Sauti ile nimeamka nayo utoto wangu wote. Nikasema moyoni, Zuhura, leo umechanganyikiwa kwa ajili ya kukumbuka nyumbani. Nikainua macho. Ndege akazunguka, akatua kwenye waya wa uzio wa ng'ombe. Akaruka, akadaka nyigu hewani, akarudi pale pale, akampigapiga kwenye waya mpaka mwiba ukatoka. Halafu akammeza.

Keremkerem! Adui yako mwenyewe, Baba, yule unayemrushia madongo anapokula nyuki wako mlangoni pa mzinga.

Na hakuwa yule mwenye mgongo wa rangi ya tumbaku iliyokauka na koo la njano. Huyo hata hapa wanamfahamu, anafika mara mojamoja. Huyu alikuwa wa kijani mwili mzima, shavu la buluu, na chini ya kidevu wekundu wa kahawia kama udongo wa kichuguu. Ni wale waliokuwa wakikaa kwenye matete kule bwawani, tulipokuwa tukienda wote kuchota maji ya kuwawekea nyuki wakati wa kiangazi.

Nikatimua mbio mpaka kwa watu wa darubini. Walikuwa wanaume watatu. Nikawaeleza, nikanyoosha kidole. Mmoja mrefu, mwenye koti la kijani, akatabasamu vile wanavyotabasamu huku wakitaka uondoke.

"Asante sana," akasema. "Pengine umemwona kwenzi. Jua likimpiga anameta rangi nyingi, huwachanganya wengi."

"Kwenzi namjua. Huyu ni keremkerem, na si yule wenu wa kawaida. Ni yule wa kijani."

Wakatazamana. Wa pembeni akacheka puani. Yule mrefu akasema, "Wa kijani hajawahi kuonekana hapa, mama. Mimi natazama ndege hapa tangu ujana wangu."

Sikuwa na muda wa kubishana. Nikapiga picha kwa simu, ikatoka doa dogo kama sisimizi kwenye waya, kisha nikakimbilia kazini. Nilichelewa robo saa. Msimamizi wetu alikuwa ameshasimama mlangoni. "Zuhura, ukirudia tena naandika onyo." Onyo kwa sisi wenye vibali vya kazi si jambo dogo, Baba, unajua.

Asubuhi ile nilikuwa namwogesha bibi mmoja anaitwa Jean. Alikuwa mwalimu wa shule, sasa miguu imekufa ganzi, lakini kichwa chake ni kizima kuliko changu. Darubini yake iko dirishani siku zote. Akaona uso wangu.

"Nani amekuudhi?"

Nikamsimulia. Hakucheka. Aliniuliza maswali kama askari: mgongo rangi gani, koo rangi gani, mkia ukoje, umemjulia wapi. Nikamwambia, "Baba yangu ni mrina asali. Mtoto wa mrina asali lazima awajue wezi wa nyuki." Akaniagiza niitwae darubini yake pale dirishani, akanivisha shingoni.

"Ukitoka kazini rudi pale," akasema. "Na usiondoke mpaka mtu amwone."

Nilitoka saa tisa alasiri. Njia nzima nasema, atakuwa ameshaondoka, na mimi nitakuwa mwongo mpaka nizeeke. Wale wanaume hawakuwepo. Alikuwepo mama mmoja tu, amekaa na kamera kubwa kwenye kibanda cha mbao. Na kwenye uzio hapakuwa na kitu. Nikatembeza darubini waya kwa waya mpaka nikafika kwenye kichaka cha miba nyuma ya ng'ombe. Alikuwa hapo, amejikunyata, manyoya yamesimama kwa baridi, kama mgeni aliyekosa pa kulala.

"Mama," nikamwita yule wa kamera, "njoo utazame hapa, tafadhali."

Akatazama. "Ee Mungu wangu," akasema, akaanza kupiga picha mfululizo, na kati ya picha na picha ananishika mkono kana kwamba mimi ndiye nitakayeruka. Nilimwacha hapo anapiga simu kwa watu.

Kesho yake asubuhi nilipopanda kwenye tuta, magari yamejaa kandokando ya barabara. Watu wamejipanga kama wanaongoja treni. Adui yako, Baba! Wametoka miji ya mbali, wengine wameendesha gari usiku kucha, wamesimama kimya kama wako msikitini, wote wanamtazama yule mwizi wa nyuki akipasha mbawa joto juani.

Karibu na kibanda kuna ubao wanaoandikia ndege walioonekana. Nikausoma. Jina la keremkerem lipo, limepigiwa mstari mara mbili. Chini yake: ameonwa kwanza jana asubuhi na fulani. Nikauliza, nikaonyeshwa: fulani huyo ndiye yule mrefu.

Baba, nimekaa nchi hii miaka miwili na mengi nimeyameza. Nimeitwa majina, nimepewa zamu ambazo wengine wamezikataa, nikasema haya, nimekuja kutafuta. Hata pale nilitaka kupita. Muda ulikuwa unanibana na onyo lilikuwa linaningoja. Lakini nikamkumbuka babu yako, ambaye ulitusimulia kwamba alibeba mizigo kwa miguu kutoka hapo kwetu mpaka baharini, na hakuna kitabu kilichoandika jina lake, yameandikwa majina ya waliobebewa tu. Nikageuka.

"Samahani," nikamwambia yule mrefu mbele ya watu wote. "Huyu ndege nilimwona mimi. Nilikuja nikakwambia, ukaniambia ni kwenzi."

Yule mama wa kamera akatoka kwenye kundi. "Ni kweli. Hata mimi nimeonyeshwa na yeye."

Yule mrefu akawa mwekundu mpaka masikioni. "Sikukusudia ubaya," akasema. "Lakini hukutuachia jina lako."

"Hamkuniuliza," nikasema.

Kisha, na hili nampa haki yake, akachukua kitambaa akafuta jina lake mwenyewe, akanigeukia na kalamu mkononi. "Nitajie herufi moja moja, tafadhali." Nikamtajia, Zuhura, nikamtajia Maganga, na alipomaliza nikamwambia aongeze: wa Tabora. Akaandika. Watu wakanipisha kwenye darubini kubwa kuliko zote, nikamtazama keremkerem mpaka nikaona bawa la nyigu kwenye mdomo wake. Kazini nilifika na dakika mbili mkononi, maana mzee mmoja alinipakia kwenye gari lake.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Niliomba ruhusa, nikamfunika Bibi Jean mablanketi matatu, nikamsukuma kwa kiti cha magurudumu juu ya tuta lile lote, upepo unatupiga usoni. Alikuwa amewatazama ndege tangu akiwa mtoto na huyu hakuwahi kumwona. Nilipomwekea darubini machoni, akaishika kwa mikono miwili, akamfuata ndege kila aliporuka. Halafu akasema, "Mwambie baba yako alikufundisha vizuri kuliko mimi nilivyowafundisha wanafunzi wangu wote." Nimefikisha.

Jumamosi upepo uligeuka, na ndege hakuwepo tena. Wenyeji wanasema aliyepotea kiasi kile mara nyingi huishia baharini. Sikupenda kusikia hivyo. Niliulizia njia ya kusini iko upande gani, nikasimama nikatazama huko kidogo, kisha nikaenda kazini.

Nisalimie Mama sana, na umwambie sweta alilonifumia ndilo nililovaa kwenye picha niliyoiweka ndani ya bahasha. Msalimie shangazi Mwamini anayeuza karanga stesheni ya Igalula, na kaka Paskali, mkwe wetu anayelima bustani jirani na seminari ya Kipalapala, na watoto wake wote. Hamisi nampa hongera kwa kusoma mpaka hapa.

Jambo la mwisho, Baba, na hili ni la haraka. Mzee anayetunza daftari kubwa la ndege wa pwani hii alikuja mpaka nyumba ya wazee kunihoji. Aliandika kila nilichosema. Kisha akaniuliza, kwa Kinyamwezi ndege huyu mnamwitaje? Nikakwama. Jina la Kinyamwezi nililowahi kulisikia kinywani mwako ni lile unalolitumia akishakula nyuki wako, na hilo, Baba, siwezi kumpa mtu aandike. Waulize wazee wenzako jina lake la heshima. Hamisi alitume kwenye simu jinsi linavyotamkwa, asikosee hata herufi moja. Yule mzee ameacha mstari mtupu kwenye daftari, ananingoja.

Mwanao akupendaye,
Zuhura