Mkono wa Baba Mkwe

Kabianga, Kericho
Tarehe 16 Aprili 1996

Kwa Mama Drusilla,

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa jambo ambalo siwezi kuliuliza kanisani, kwa sababu wanawake wenzangu wataanza kunong'ona kabla sijamaliza.

Mimi ni mjane. Mume wangu Robert alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa kifua, nikabaki kwa boma lake na watoto na chai yetu kidogo na ng'ombe, na nyumba ya pili hapo kwa boma ni ya baba yake, ambaye sijazoea kumtaja jina, kwa hivyo nitamwita Mzee. Mama mkwe alitangulia zamani. Robert ndiye alikuwa anamwangalia Mzee, kila Jumamosi alimkalisha kwa kigoda nje ya mlango akamkata nywele na kucha, halafu akaupanguza wembe na kuurudisha ndani ya kiberiti kitupu, na hicho kiberiti mpaka leo kiko juu ya kabati, sijakiondoa.

Baada ya Krismasi Mzee alipatwa na kiharusi. Mguu umerudi, anatembea na fimbo, na maneno yanatoka polepole lakini yanaeleweka. Mkono wa kushoto ndio umebaki umejikunja ngumi, hata ukivuta vidole vinarudi, na kucha zimekua zinaingia kwa kiganja.

Hospitali ya misheni wako na mashine ndogo ya betri, kama redio ya mfukoni, yenye nyaya na vipande viwili vya mpira. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anaitwa Seth, alipaka jeli akabandika hivyo vipande nyuma ya mkono chini ya kiwiko, akazungusha kifungo, na vidole vya Mzee vikafunguka taratibu kama vya mtu anayepokea chumvi. Mzee aliuangalia akauliza, "Huu ni wangu?" Seth alicheka, akasema ni wako Mzee, lakini usiiachie mashine kazi yote, ukisikia umeme unakuja na wewe fungua kwa nguvu zako. Akatuazima mashine twende nayo nyumbani, akaniuliza, "Ni wewe mama utamfungia hizi nyaya?"

Nikaangalia chini. Sisi Wakipsigis mke wa mwana hamsalimii baba mkwe kwa mkono, hata chakula mimi humpelekea nikaweka mezani nikatoka. Mzee mwenyewe akamwambia, "Huyo ni mke wa mwanangu." Seth akasema, "Hata kwetu upande wa ziwa tuna heshima hiyo, Mzee, lakini mkono haungoji." Mzee akauinua ule mkono mgonjwa kwa mkono mzima, akauweka juu ya meza mbele yangu. Tukaenda nyumbani.

Nilimfungia. Sikumwangalia usoni na yeye aliangalia mlango, na kazi ilikuwa inaenda vizuri, vidole vinafunguka, mpaka jeli ikaisha, na kwa vile hospitali ni mbali na chai ilikuwa inangoja kuchumwa, nikatumia mafuta ya kukamulia ng'ombe maana nayo yanateleza. Siku hiyo vidole havikusonga, nikaongeza kifungo, vikakataa, nikaongeza tena, mara Mzee akapiga kelele akang'oa nyaya, na ngozi ikabaki na alama nyekundu.

Shemeji yangu Isaiah, ambaye anafanya kazi Londiani, alikuja Jumapili akaiona ile alama. Akaniambia, "Unaona sasa? Umeshika mtu usiyepaswa kushika na mkono wenyewe umejibu. Ama unataka kuwa mama wa nyumba zote mbili?" Hiyo ya mwisho aliisema akicheka, lakini watoto walisikia. Amesema mwisho wa mwezi ujao atarudisha mashine hospitali na jambo liishe. Mzee hajasema kitu. Tangu siku hiyo anakula akiwa ameupakata ule mkono, na jana niliona damu kwa kiganja.

Nikiacha, mkono wa baba yake Robert utaoza nikiuona. Nikiendelea, nimevunja heshima ya boma. Sijui nishike lipi. Unikumbuke katika maombi, mimi na Mzee.

Ni mimi,
Rodah

*

Rodah,

Pole kwa Robert, na pole kwa Mzee. Kile kiberiti usikiondoe, tutakirudia.

Kwanza nikugombeze. Mafuta ya kukamulia yaache kwa ng'ombe. Nimemuuliza mama mmoja anayefanya kazi kama ya Seth, na amenieleza hivi: umeme haupiti vizuri kwenye mafuta. Jeli ya hospitali ina maji, ndiyo maana inaupitisha. Wewe ulipopaka mafuta uliuzuia, ukawa unaongeza kifungo, mpaka umeme ukapata penye upenyo mdogo ukapita hapo wote kwa pamoja. Ndiyo hiyo alama nyekundu. Mila haikumchoma Mzee. Ni mafuta yaliyomchoma. Isaiah akija tena msomee maneno haya. Na umwambie pia kwamba mtu anayelinda heshima ya boma hasemi mzaha kama ule mbele ya watoto, na kwamba yeye ni mwana, hakatazwi na mila yoyote kumshika baba yake, ila Londiani imemshika yeye.

Na wewe, mashine ya watu ikikataa unaizima, unamuuliza mwenyewe. Huongezi.

Sasa fanya hivi. Usiweke kitu juu ya ile alama mpaka ngozi ipone. Usingoje mwisho wa mwezi ujao. Chai itangoja; mchukue Mzee wiki hii mwende kwa Seth, umwambie habari ya mafuta bila kuificha, avisafishe vile vipande vya mpira, akupe jeli nyingine na aangalie hicho kidonda cha kiganjani. Akuonyeshe cha kutumia jeli ikiisha. Mwulize pia waziwazi mkono huu unaweza kufika wapi. Mashine hii hairudishi kila mkono. Wengine hupata tu kufunguka kwa kutosha kuosha kiganja na kushika kikombe. Hata hiyo kwa Mzee ni kubwa.

Kuhusu mila, siidharau. Mzee ana watu wa rika lake, wanaoweza kumshika na kumtania bila mtu kuuliza. Mmoja akija jioni akafunga nyaya, wewe ukabaki na kifungo, heshima imekaa mahali pake.

Lakini kabla ya kumwita yeyote, mwulize Mzee. Isaiah amesema, Seth amesema, wewe umeandika, na mimi hapa najibu, wote juu ya mkono wa mtu ambaye maneno yake yanaeleweka. Tena nafikiri amekwisha kujibu. Rudia barua yako. Aliposema wewe ni mke wa mwanawe, ulisikia anakukataa. Je, anayekataa huinua mkono wake mgonjwa akauweka mbele yako? Mimi nilisoma mtu anayemweleza mgeni wewe ni nani kwake, halafu akakukabidhi.

Siku vidole vitakapofunguka, hata kama aliyefunga nyaya ni mwingine, nunua wembe mpya, uutie katika kile kiberiti cha Robert. Mkalishe Mzee kwa kigoda nje ya mlango, Jumamosi mchana, wapitao njiani wote waone, na kama amekubali, mkate kucha.

Nisalimie Mzee. Na siku hiyo, mnikumbuke.

Mama Drusilla