Mlio Tumboni mwa Habiba

Jumatatu, 4 Novemba
Foleni ndefu. Mvua ilinyesha alfajiri, matope mpaka ndani ya kliniki. Baada ya saa sita nikaenda kumwona Mama Dahabo, nyuma ya soko la kambi ya Ifo. Moyo wake umechoka. Miguu imevimba tena. Analala ameketi, mito mitatu mgongoni.

Binti yake Habiba bado yupo. Alihamishiwa ng'ambo akiwa msichana, akapata ajali ya gari hukohuko, uti wa mgongo ukaumia. Anatembea kwa magongo. Alikuja kumuuguza mama kwa wiki tatu. Hii ni ya kumi.

Nilipokuwa napima presha kitu kikalia. Nikatazama simu yangu. Si simu. Habiba akashika tumbo, akatazama pembeni.

Jumanne, 5 Novemba
Habiba amekuja kliniki. Akafunga mlango, akainua nguo. Kushoto mwa kitovu kuna kitu cha duara chini ya ngozi, kigumu, ukubwa wa kopo la rangi ya viatu. Pampu. Nilikuwa nimeiona kitabuni tu. Inasukuma dawa tone kwa tone, kupitia mrija mwembamba, hadi kwenye uti wa mgongo. Bila hiyo miguu yake inakakamaa kama gogo. Hujazwa kwa sindano kila baada ya miezi michache. Mlio maana yake inakaribia kukauka.

Ana barua ya hospitali yake. Nimeisoma mara mbili. Dawa ikikatika ghafla: kuwashwa, misuli kukaza, homa, kuchanganyikiwa. Mwisho kifo.

Akaniomba niijaze mimi. Nimekataa. Sindano ikikosa kitundu chake, dawa yote inamwagika mwilini na anaweza kuacha kupumua. Nilimwambia hivyohivyo. Aliudhika. Sikujali sana.

Jumatano, 6 Novemba
Nimepiga simu nyingi. Hatimaye nimempata daktari Nairobi anayejaza pampu za aina hiyo. Dawa ataagiza. Habiba afike wodini Jumatatu, si baadaye, na akae wiki nzima. Vidonge vya kumeza vitamshikilia kidogo tu.

Habiba amekataa kwenda.

"Baba alizikwa nikiwa kule," alisema. "Nilioneshwa kwa simu. Huyu sitamwona kwa simu."

Nimempa vidonge.

Ijumaa, 8 Novemba
Mlio umezidi. Majirani wanausikia. Wako wanaosema amewekewa chombo cha kunasa maneno ya watu. Mwanamke mmoja aliondoka bila kumaliza chai. Habiba alicheka, lakini alicheka peke yake.

Mama Dahabo hakuuliza kitu. Nilidhani hasikii.

Jumamosi, 9 Novemba
Anasikia vizuri sana. Ameniita leo Habiba alipokwenda kuoga.

"Sista, hii mtoto habana enda kama mimi iko mgonjwa. Kesho mimi tabona. Wewe sema bresha iko fizuri."

Nikamwambia sidanganyi wagonjwa.

"Mgonjwa yako nani? Mimi ama yeye?"

Wote wawili, nikasema.

"Haya. Mimi nakuambia, shika yeye. Mimi nimetosha. Yeye bado."

Akafumba macho. Mazungumzo yakaisha. Nimerudi kwangu Dadaab mjini na hasira, sijui kwa nani. Miaka kumi na moja ya kazi, hakuna mgonjwa aliyewahi kunipa amri kama ile.

Jumapili, 10 Novemba
Siku yangu ya mapumziko. Nilikwenda Ifo baada ya ibada.

Mama Dahabo alikuwa nje mkekani, hina mpya mikononi. Alikula mikate miwili ya anjera na mafuta ya simsim. Alizungumza kwa sauti kubwa kuhusu mbuzi wa jirani. Kisha akasimama, akatembea kutoka mlangoni hadi uani, bila fimbo. Hatua kumi na nne. Nilizihesabu kwa sababu midomo yake ilikuwa ya buluu.

Habiba hakumtazama mama. Alinitazama mimi.

"Presha ikoje, sista?"

Mashine ilisema themanini na nne juu ya hamsini, chini mno. Nikasema, "Nzuri kuliko wiki jana."

Alilia kwa furaha. Akaingia ndani kufunga mizigo. Ndipo mama yake akanishika mkono asianguke. Kucha zake zimeniachia alama.

Daftarini nimeandika namba ya kweli.

Jumatatu, 11 Novemba
Habiba ameondoka baada ya sala ya alfajiri. Mama alisimama mpaka gari likapotea. Kisha akaketi palepale matopeni. Mimi na jirani tulimbeba ndani. Mwepesi mno.

Gari lilikwama kabla ya Garissa. Saa nne Habiba akaandika: mikono inawasha. Nikamjibu ameze vidonge. Saa saba, kutoka Mwingi: magoti hayakunjiki. Halafu kimya. Nilipiga mara sita. Nilifunga vidonda vya watu huku simu iko mfukoni mwa koti, na mgonjwa mmoja akaniambia bandeji inambana. Ilikuwa inambana kweli.

Saa kumi na moja daktari amepiga. Habiba amefika. Homa thelathini na tisa, haelewi aliko. Wanaanza kazi.

Nina hofu. Basi.

Jumanne, 12 Novemba
Pampu imejazwa. Homa inashuka. Nimemwambia Mama Dahabo. Amesema alhamdulillahi, akalala bila kuniuliza lolote zaidi.

Jumatano, 13 Novemba
Wameongea kwa simu ya picha. Mimi ndiye niliyeishika. Kabla sijabonyeza, Mama Dahabo aliniambia nisogee dirishani, nimwoneshe kwa upande wenye mwanga. Waliongea Kisomali dakika tatu hivi, walicheka mara moja. Alipochoka akanionyesha kwa kidole nikate.

Alhamisi, 14 Novemba
Mama Dahabo amefariki saa nne asubuhi. Nilikuwepo. Alizikwa kabla ya alasiri.

Nimempigia Habiba mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata.

Jumamosi, 16 Novemba
Kazi. Foleni ndefu tena.

Jumatano, 20 Novemba
Habiba amerudi. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka nikamaliza foleni yote, kama mtu aliyekuja kutibiwa. Miguu haikakamai tena, anatembea vizuri.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa tayari. Akauliza mama yake alisema nini mwisho. Nikamwambia ukweli: aliomba maji, akatamka shahada, akauliza kama mvua imekatika.

"Hakunitaja?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema mama yake alikuwa hivyo siku zote; jambo likishamalizika hakulitaja tena. Kisha akanieleza walivyokimbia kutoka kwao yeye akiwa mgongoni, na jinsi mama alivyokuwa akimwachia chakula kila jioni, akisema ameshashiba. Aliyaamini maneno hayo miaka mingi.

Hakunishukuru. Hakunilaumu pia. Tuliketi mpaka adhana ya alasiri. Akachukua magongo akaenda kuswali, nami nikafagia matope, nikafunga kliniki.