Kitabu cha Matokeo Anachodaiwa Nahodha Kukiiba

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo katika jalada. Mtaani naitwa Filimbi.
Umri: miaka 47.
Kazi: fundi viatu, pia mwamuzi wa mpira wa wavu.
Makazi: chumba cha pili, nyumba iliyo nyuma ya soko la mitumba.
Tarehe na saa: 14 Agosti, saa nne na robo asubuhi.

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Hakuna aliyeniita.

Nimechezesha ligi ya mkoa ya klabu za wanaume kwa miaka tisa. Msimu huu klabu zilikuwa nane. Kila mchezo una ukurasa wake katika kitabu cha matokeo, na ukurasa huo husainiwa na manahodha wawili pamoja na mwamuzi. Kitabu hukaa kwa katibu wa ligi.

Mnamo tarehe 9 Machi nilichezesha timu ya mafundi vyuma dhidi ya timu ya kiwanda cha sabuni. Mafundi vyuma walishinda seti tatu kwa moja. Wiki iliyofuata nikakuta kwenye ubao wa matangazo kwamba kiwanda ndicho kilichoshinda. Nilimpigia katibu simu. Akasema, "Kalamu iliteleza, Mwamuzi. Tutarekebisha." Hadi leo hawajarekebisha.

Mnamo tarehe 20 Aprili kiwanda kilifika kikiwa kimechelewa dakika hamsini. Kanuni inasema timu ikichelewa dakika kumi na tano, basi, imepoteza mchezo. Katibu aliniambia nianze kuhesabu upya kuanzia walipoingia mlangoni. Wapinzani wao walikuwa wameshapoa miili, wamekaa sakafuni na viatu wamevua. Nilipuliza filimbi mchezo ukaanza. Wapinzani hao walifungwa.

Mnamo tarehe 17 Juni, kama saa tano asubuhi, katibu alikuja kwenye kibanda changu. Nilikuwa nabandika soli. Aliweka mbele yangu kitabu, na ndani yake ukurasa wa mchezo wa Jumamosi iliyopita ulikuwa umeandikwa upya. Nilimwambia matokeo hayo siyo. Akacheka, akasema, "Wewe weka saini tu, mengine tuachie wenyewe. Au umechoka kupangiwa michezo?"

Nilisaini. Sikushikiwa panga. Gundi ilikuwa bado mkononi, na alama ya kidole gumba changu ipo pembeni ya ukurasa huo, ukurasa wa 31.

Jioni hiyo nilimsimulia mke wangu nikidhani atanionea huruma. Aliendelea kukunja nguo. Akaniuliza, "Sasa baba watoto, unapuliza filimbi ya nini kama anayeamua ni mwingine?" Nikamwambia hajui mambo ya wavu. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena habari za ligi, na hilo lilinikera kuliko kama angeniuliza.

Mchezo wa mwisho ulikuwa Jumamosi tarehe 10 Agosti, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa chuo. Walikutana tena mafundi vyuma na kiwanda. Mshindi ndiye angeuwakilisha mkoa. Nahodha wa mafundi vyuma ni mchomelea mageti, mtu mrefu, wanamwita Winchi. Walifika seti ya tano. Mafundi vyuma wakiongoza kumi na nne kwa kumi na tatu, Winchi alipiga mpira ukadondoka juu ya mstari. Mshika kibendera alikielekeza chini, maana yake mpira umo. Na mimi niliuona kwa macho yangu mawili.

Katibu aliinuka kwenye kiti akapiga kelele, "Umetoka huo!" Nilimjibu kwa filimbi. Nilinyoosha mkono upande wa mafundi vyuma, mchezo ukaisha.

Manahodha wote wawili walisaini. Yule wa kiwanda alimshika Winchi bega akasema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Leo mmetupiga." Nami nikasaini.

Saa sita na nusu mchana katibu aliniita chumba cha vifaa. Winchi alikuwa humo akichukua mipira ya timu yake, akatoka. Katibu alikilaza kitabu juu ya meza akasema, "Kiache hapa. Kesho nitakuletea ukurasa mwingine." Kisha akaitwa nje kuwaaga wageni.

Nilibaki peke yangu na kitabu. Nilikitia kwenye mfuko wangu wa viatu, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Winchi hakukichukua, na hakuniona nikikichukua.

Jumatatu tarehe 12, saa mbili asubuhi, nilikipeleka kwa mwenyekiti wa ligi, ofisini kwake. Hakukigusa. Alisema, "Mzee mwenzangu, usinitie katika hayo. Kirudishe ulikokitoa." Nikarudi nacho kibandani, nikakiweka chini ya benchi.

Jana, Jumanne, saa nane mchana, dada yake Winchi alikuja kuchukua kandambili alizoleta nizishone. Macho yalikuwa yamevimba. Alisema, "Fundi, kaka yangu walimchukua jana kazini, mbele ya wateja wake. Ati kaiba kitabu cha ligi. Kitabu chenyewe cha kupeleka wapi?" Kitabu kilikuwa chini yangu, chini ya benchi nililokalia.

Nilimpa kandambili zake. Nilimwambia Mungu atamsaidia. Hilo ndilo nililomwambia.

Afande ameniuliza kwa nini sikusema pale pale. Nilijua nikifungua kitabu hiki, ukurasa wa 31 nao utafunguka. Nimemkasirikia katibu msimu mzima. Nimemkasirikia mwenyekiti. Usiku wa jana sikupata wa kumkasirikia zaidi ya mtu aliyelala kitandani kwangu, na si mke wangu.

Kitabu hiki hapa. Yaliyoandikwa hapo juu ni niliyoyaona na niliyoyatenda mwenyewe. Nimesomewa, nimeyaelewa, sina la kupunguza.

Saini ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Nimepokea kutoka kwa shahidi kitabu kimoja cha matokeo, jalada la kijani, kurasa zote zipo. Ukurasa wa 31 una alama ya gundi. Ukurasa wa tarehe 10 Agosti una saini tatu. Shahidi ameelezwa kwamba anaweza kuhojiwa kuhusu saini yake ya mwezi Juni, na amekubali. Katibu wa ligi ameitwa.

Nahodha wa mafundi vyuma ametolewa mahabusu saa sita na dakika kumi mchana. Alimkuta shahidi kwenye benchi la kaunta, akamwuliza: "Filimbi, siku mbili zote hizi ulikuwa wapi?"



Koplo wa zamu (saini)